Bungua Mweupe: Mdudu Anayeua Mbuni Kabla Mkulima Hajamwona

Katika miteremko ya Mlima Meru inayoanzia pembezoni mwa Jiji la Arusha, ilipo Kata ya Sekei, kahawa aina ya arabika hulimwa pamoja na migomba. Miongoni mwa maadui wakubwa wa zao hilo ni bungua mweupe, mbawakawa ajulikanaye kitaalamu kwa jina la Monochamus leuconotus.

Mdudu mzima ana urefu wa takribani sentimita 3 na vipapasio vinavyozidi urefu wa mwili wake. Mabawa yake ya juu ni meupe yanayoelekea kijivu, na ncha zake ni za hudhurungi. Hata hivyo, ni nadra mkulima kumwona, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yake hupita ndani ya shina.

Jike hutaga mayai kwenye nyufa za gome, karibu na ardhi. Buu anapoanguliwa hutafuna chini ya gome akizunguka shina, kisha huingia ndani ya mti. Chakula kinachotoka kwenye majani hushindwa kufika mizizini. Mzunguko wa maisha yake huchukua kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili. Hivyo, majani yanapogeuka manjano, madhara huwa yameshatokea zamani. Mibuni michanga ndiyo hufa zaidi.

Bungua huyu hupatikana katika nchi nyingi za Afrika Kusini mwa Sahara, zikiwemo Tanzania, Kenya, Malawi, Zimbabwe na Afrika Kusini. Hushambulia zaidi maeneo ya joto ya mwinuko wa chini na wa kati. Jiji la Arusha lipo takribani mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hivyo mashamba ya miteremko ya chini yanahitaji uangalizi wa karibu kuliko yale ya juu yenye baridi.

Dalili za kutafuta ni unga wa mbao chini ya shina, gome lenye alama za kutafunwa na matundu ya duara ambayo mdudu mzima hutokea. Mkulima anashauriwa kukagua mashina mara kwa mara, hususan mvua zinapoanza, kumtoa buu kwa waya, kulainisha gome la chini kwa kulisugua bila kulijeruhi, na kung'oa na kuchoma mibuni iliyoathirika sana. Kumwacha mbuni uliokufa shambani ni kuwapa bungua nafasi ya kukamilisha ukuaji na kuhamia kwa jirani.

Ushauri zaidi hupatikana kwa maofisa ugani na kwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye makao makuu Lyamungu, mkoani Kilimanjaro.