Makala Iliyochukua Miaka 12 Kufutwa

Msomaji mpenzi, labda umekwisha kuyasikia maneno haya kisimani, au ndani ya basi, au kwa jirani aliyekuja kumtazama mtoto mchanga: "Chanjo ya surua huwaharibu watoto akili." Ukimwuliza ameyatoa wapi, hujibu, "Madaktari wa Ulaya wenyewe wameandika." Katika hilo hasemi uongo. Kweli waliandika. Basi tega sikio nikusimulie walivyoandika, maana ukiijua habari yenyewe utaweza kumjibu jirani yako bila kugombana naye.

Mwezi wa Februari 1998 gazeti la madaktari wa Uingereza liitwalo The Lancet lilitoa makala ya kurasa tano tu. The Lancet si gazeti la kusoma huku unangoja treni. Lilianzishwa mwaka 1823, na daktari akisoma jambo humo huamini kwamba limekwisha kupimwa. Waandishi wa makala ile walikuwa 13, na kiongozi wao alikuwa Daktari Andrew Wakefield wa hospitali ya Royal Free, London. Walieleza habari za watoto 12 waliosumbuliwa na tumbo, na ambao wengi wao walisemwa kuwa na usonji, yaani ile hali ya mtoto kuchelewa kusema, au kuacha kusema, akajitenga na wenzake na asigeuke anapoitwa. Wazazi wa watoto 8 walidhani mambo yalianza baada ya mtoto kudungwa sindano moja yenye kinga tatu: ya surua, ya matubwitubwi na ya rubela.

Watoto 12! Katika nchi ambako watoto kwa maelfu na maelfu huchanjwa kila mwaka, na wote huchanjwa katika umri ule ule ambao usonji huanza kuonekana. Makala yenyewe ilikiri kwamba haikuthibitisha kuwa chanjo ndiyo chanzo. Lakini Wakefield alipokutana na waandishi wa magazeti alisema kwamba afadhali sindano ya pamoja iachwe, kila kinga itolewe peke yake. Nawe unajua mambo ya magazeti. Wazazi hawakuisoma The Lancet. Walisoma vichwa vya habari, wakaogopa. Kabla ya hapo, katika England, watoto 92 hivi katika kila 100 walikuwa wakipata chanjo ile. Kufika mwaka 2004 walikuwa 80 tu. Mimi siwalaumu wale akina mama. Mama asiyeogopa kwa ajili ya mwanawe ni mama gani?

Sasa nikueleze kidogo kazi hii ya wataalamu inavyokwenda. Mtu akimaliza uchunguzi wake huupeleka kwa mhariri, naye mhariri huwapa mabingwa wengine wa elimu ile ile waupime. Lakini mabingwa hao hupima yaliyoandikwa tu. Hawaendi hospitali kufungua majalada ya wagonjwa, wala hawamwulizi mama wa mtoto kama ndivyo ilivyokuwa. Wanaamini kwamba mwenzao ameandika alichokiona. Tena wanatazamia aseme wazi nani alimlipa, ili msomaji ajue mkono ulioshika kalamu unaelekea wapi. Ni kama hakimu wa baraza: hakuna anayemkataza kuwa na ndugu, lakini kesi ya ndugu yake ikija sharti aseme.

Wakefield hakusema. Aliyeligundua jambo hilo hakuwa daktari; alikuwa mwandishi wa habari wa The Sunday Times, Brian Deer. Mwaka ungepita na mwingine ukapita bila mtu kuuliza, lakini mwaka 2004 Deer alitangaza kwamba wakili aliyekuwa akitaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo hiyo alikuwa amemwajiri Wakefield tangu mwaka 1996, miaka miwili kabla ya makala kutoka. Baadaye ilijulikana kwamba malipo yake yote yalipita pauni 400,000. Tena mwaka 1997 lilikuwa limepelekwa ombi, lenye jina lake, la hati ya uvumbuzi wa chanjo nyingine ya surua. Wenzake 10 kati ya 12 walipoona hayo, mwezi wa Machi 2004, waliyakana yale maneno yaliyodokeza kwamba chanjo inahusika. Mhariri wa The Lancet naye alisema kwamba kama angalijua, sehemu ile asingeipiga chapa.

Lakini makala iliachwa pale pale miaka 6 zaidi. Hapo ndipo ninapoona kosa la gazeti lenyewe. Fundi wa saa akiambiwa kwamba saa aliyouza imekufa, haiachi dirishani iendelee kununuliwa. Katika miaka hiyo mtu yeyote aliyetaka kumtisha mzazi aliweza kusema, "Imo katika The Lancet," na ilikuwa kweli.

Mwaka 2007 baraza linalosimamia madaktari wa Uingereza lilianza kusikiliza mashtaka, na mwezi wa Januari 2010 likatoa uamuzi. Lilimwona Wakefield kuwa mdanganyifu. Liliona kwamba baadhi ya watoto wale walifanyiwa vipimo vizito, kama kudungwa sindano ya uti wa mgongo, bila kibali kinachotakiwa na bila faida kwa maradhi yao. Na tena, katika sikukuu ya kuzaliwa ya mwanawe mwenyewe, alitoa watoto damu ya uchunguzi na kuwapa pauni 5 kila mmoja. Hebu fikiri, msomaji: mwanao amealikwa kula keki, anarudi nyumbani na plasta mkononi! Siku chache baadaye, tarehe 2 Februari 2010, The Lancet likaifuta makala yote, na mwezi wa Mei Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari. Mwenzake mmoja aliyeondolewa pamoja naye alikata rufani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikamrudishia haki yake. Wakefield hakuifikisha rufani yake mwisho. Hata hivyo yeye mpaka leo hukana kwamba alidanganya.

Mwaka 2011 gazeti jingine la madaktari, BMJ, lilichapa matokeo ya kazi ya Deer, aliyelinganisha makala na habari za watoto wenyewe. Makala ilisema kwamba wote 12 walikuwa wazima kabla ya kuchanjwa; kumbe 5 kati yao walikuwa wameandikiwa dalili za mashaka kabla ya sindano. Huko Denmark wataalamu walitazama habari za watoto 537,303, wakatoa matokeo mwaka 2002. Wengine wakatazama watoto 657,461, wakatoa yao mwaka 2019. Waliochanjwa hawakupata usonji kuliko wasiochanjwa.

Surua yenyewe haikungoja mabaraza. Mwaka 2006 mvulana wa miaka 13 alikufa kwa surua katika Uingereza, kifo cha kwanza cha namna hiyo baada ya miaka 14. Katika miaka ya 2012 na 2013 ugonjwa ulienea Swansea na sehemu za jirani katika Wales, watu zaidi ya 1,000 wakaandikwa, na mmoja akafa. Wengi walikuwa vijana waliokosa sindano utotoni, wakati wa hofu ile.

Habari hii imewafikia hata jirani zetu. Katika mji wa Minneapolis, Marekani, wanaishi Wasomali wengi, na baadhi yao walipitia makambi ya wakimbizi ya Kenya. Wazazi huko walikuwa na huzuni kwa kuona watoto wao wengi wana usonji, nao walitafuta sababu bila kupata jibu. Wakefield alikwenda kukutana nao katika miaka ya 2010 na 2011, wakati makala yake ilikuwa imekwisha kufutwa. Mwaka 2004, katika watoto wa Kisomali wa miaka miwili katika jimbo lile la Minnesota, 92 katika kila 100 walikuwa wamechanjwa. Mwaka 2014 walikuwa 42. Mwaka 2017 surua iliingia, ikashika watu 75, wengi wao watoto wadogo wa Kisomali wasiochanjwa. Kwa bahati njema hakufa hata mmoja, na wauguzi na maimamu wa Kisomali walitoka kuzungumza na wazazi kwa lugha yao wenyewe.

Makala yenyewe haikuchomwa moto. Ipo mpaka leo, na mtu yeyote akitaka kuisoma ataikuta na neno kubwa jekundu limegongwa juu ya kurasa zake, kwamba imefutwa.