Somnath Chatterjee: Spika aliyekaidi chama ili kulinda kiti

KWA muda wa miaka 40, Somnath Chatterjee alikuwa mwanachama mtiifu wa Chama cha Kikomunisti cha India cha mrengo wa Kimaksi, kijulikanacho kama CPI(M). Mnamo Julai 23, 2008, chama hicho kilimtimua. Hakuwa ameiba wala hakuwa amehamia upinzani. Kosa lake lilikuwa kukataa kujiuzulu wadhifa wa Spika wa Lok Sabha, bunge la chini la India, kabla ya kura ambayo ingeweza kuiangusha serikali ya Waziri Mkuu Manmohan Singh.

Masaibu ya Bw Chatterjee yanaibua swali linalozikabili nchi zote zilizorithi mfumo wa bunge la Uingereza. Je, Spika ni mtumishi wa chama kilichompeleka bungeni, ama ni mwamuzi wa wabunge wote?

Bw Chatterjee alizaliwa Julai 25, 1929 mjini Tezpur katika jimbo la Assam, kaskazini mashariki mwa India. Babake, Nirmal Chandra Chatterjee, alikuwa wakili mashuhuri, mbunge na kiongozi wa Hindu Mahasabha, chama kilichotetea utaifa wa Kihindu. Ingawa itikadi zao zilikuwa mbali kama ardhi na mbingu, mzee huyo alisimama kidete kutetea haki za wakomunisti waliokamatwa chama chao kilipopigwa marufuku mwaka wa 1948. Hapo ndipo ulipochipuka urafiki wa familia hiyo na Jyoti Basu, ambaye baadaye alikuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Bengal Magharibi.

Kijana Somnath alisomea Calcutta, kisha akaelekea Uingereza kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliporejea nyumbani alifanya kazi ya uwakili katika Mahakama Kuu ya Calcutta, na mwaka wa 1968 akajiunga na CPI(M).

Aliingia bungeni mwaka wa 1971 kuwakilisha Burdwan, kiti kilichokuwa cha babake. Tangu hapo alichaguliwa mara 10. Alishindwa mara moja tu, katika uchaguzi wa Desemba 1984 uliofanyika muda mfupi baada ya kuuawa kwa Waziri Mkuu Indira Gandhi, wakati chama cha Congress kilipozoa kura za huruma kote nchini. Aliyembwaga katika eneo la Jadavpur alikuwa mwanasiasa chipukizi ambaye hakuwa ametimiza miaka 30: Mamata Banerjee. Mwaka uliofuata Bw Chatterjee alirudi bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Bolpur, eneo aliloliwakilisha hadi alipostaafu.

Kuanzia 1989 hadi 2004 aliongoza wabunge wa chama chake katika Lok Sabha. Alisifika kwa sauti nzito, ufasaha na ujuzi wa kanuni za bunge. Mwaka wa 1996 alitunukiwa tuzo ya mbunge bora, na hata mahasimu wake walikiri kwamba aliistahili.

Uchaguzi wa 2004 uliiletea Congress ushindi mwembamba. Ili kuunda serikali, chama hicho kilihitaji kuungwa mkono na vyama vya mrengo wa kushoto, vilivyokuwa na wabunge wapatao 60. Mnamo Juni 4 mwaka huo, Bw Chatterjee alichaguliwa Spika bila kupingwa, akawa mkomunisti wa kwanza kukalia kiti hicho.

Hakukaa kama pambo. Desemba 2005, baada ya wanahabari kuwanasa wabunge kwa kamera za siri wakipokea pesa ili waulize maswali bungeni, Lok Sabha chini ya uongozi wake iliwafukuza wabunge 10. Mahakama ya Juu ilipotuma ilani kuhusu kesi waliyowasilisha wabunge hao, Spika alikataa kuipokea, akishikilia kwamba bunge na mahakama kila moja ina mipaka yake. Mwaka wa 2007 mahakama hiyo iliamua kwamba bunge lilikuwa na mamlaka ya kuwafukuza. Ni katika enzi yake pia, mwaka wa 2006, ambapo Lok Sabha ilianzisha runinga yake yenyewe, ili mwananchi ajionee mienendo ya waliomwomba kura.

Kisu kilifika mfupani Julai 2008. Vyama vya mrengo wa kushoto viliiondolea serikali uungaji mkono kwa kupinga mkataba wa nyuklia kati ya India na Marekani. Katika orodha ya wabunge iliyopelekwa kwa Rais Pratibha Patil, CPI(M) ilijumuisha jina la Spika.

Ili kuuelewa mvutano uliofuata, ni sharti ieleweke kwamba Spika wa India huchaguliwa miongoni mwa wabunge, lakini hapigi kura isipokuwa pande mbili zinapotoshana. Maadamu Bw Chatterjee alikuwa kitini, chama chake kilikosa kura moja. Kwa hivyo viongozi, wakiongozwa na Katibu Mkuu Prakash Karat, walimtaka ashuke ili aipinge serikali pamoja na wenzake.

Hoja ya chama haikuwa ya kupuuzwa. Bw Chatterjee alichaguliwa Bolpur kwa tiketi ya CPI(M), na hakuwa amejiondoa chamani. Sheria ya 1985 dhidi ya wabunge wanaohama vyama inamruhusu Spika kukihama chama chake bila kupoteza kiti. Aidha, mwaka wa 1967 Neelam Sanjiva Reddy alijiuzulu kutoka Congress alipochaguliwa kuwa Spika. Bw Chatterjee hakuifuata njia hiyo, na wahenga walinena kuwa mshika mawili moja humponyoka.

Lakini naye alikuwa na lake. Alichaguliwa na vyama vyote. Iwapo angeshuka kwa amri ya chama kimoja, maamuzi yote aliyoyatoa kwa miaka minne yangetiliwa shaka. Hakupendezwa pia na kupiga kura upande mmoja na BJP, chama alichokipinga kwa miaka mingi.

Mnamo Julai 22 aliongoza kikao hicho cha misukosuko, ambamo wabunge wa upinzani walianika mabunda ya noti wakidai ni hongo. Serikali ilishinda kwa kura 275 dhidi ya 256. Kura ya Spika isingebadilisha lolote. Kesho yake alifukuzwa chamani, na akaitaja siku hiyo kuwa miongoni mwa siku za huzuni kuu maishani mwake.

Hakuwania ubunge tena mwaka wa 2009. Katika uchaguzi huo CPI(M) ilishuka kutoka viti 43 hadi 16, na mwaka wa 2011 ikapoteza Bengal Magharibi baada ya kuitawala kwa miaka 34. Aliyeiangusha ni yule yule Mamata Banerjee.

Bw Chatterjee alifariki Agosti 13, 2018 jijini Kolkata akiwa na umri wa miaka 89. Serikali ya jimbo ilimpa heshima za mizinga, na mwili wake ukatolewa kwa ajili ya mafunzo ya udaktari. Familia yake ilikataa jeneza lifunikwe kwa bendera nyekundu ya chama alichokitumikia kwa miongo minne.