TOVUTI YA CHAMA IPIMWE NA MWANACHAMA

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Chama kinapoagiza tovuti, shabaha huwa mwanachama aone kilo alizopima na malipo anayodai. Ni jambo jema. Lakini kamati nyingi huipokea kazi hiyo kwa kuitazama katika kompyuta ya fundi mwenyewe, kisha hundi huandikwa. Mkulima ataifungua kwa simu ndogo, juani, na kwa fedha yake.

Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, alieleza kuwa majaribio ya watu watano tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro za tovuti. Basi kabla ya malipo ya mwisho, waiteni wanachama watano, akiwamo mzee asiyeona vizuri. Kila mmoja apewe simu na kazi moja: atafute kilo zake za msimu uliopita. Katibu akae kimya, wala asielekeze kidole. (Hapo ndipo makatibu wengi hushindwa.) Aandike kila mahali mtu alipokwama na kila neno lililomtatiza. Mtu akikwama, kasoro ni ya ukurasa.

Herufi nazo zionekane: kanuni za shirika la W3C za mwaka 2008 zinataka tofauti ya mwangaza kati ya herufi za kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Picha kubwa za viongozi ziondolewe, maana zinamaliza bando la mkulima.

Majaribio hayo yaandikwe katika mkataba kuwa sharti la malipo. Fundi akilikataa, kamati itafute mwingine.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika