Mlio Mtamu wa Mashine ya Salfa

Mwezi wa tano ukifika, mafundi wa Magomeni hawapati nafasi ya kumaliza chai. Nasema Magomeni ya Mtwara, si ile ya Dar wala ya Unguja. Mikorosho inajiandaa kuchipua, na mashine za kupulizia zilizolala stoo tangu mwaka jana zinatolewa nje, zinafutwa utando wa buibui, zinavutwa kamba mara ishirini, na haziwaki. Zinaletwa zimefungwa nyuma ya bodaboda, bado zina manjano ya salfa kwenye kila kona, na mwenye mali ana maneno yale yale: "Fundi, niwekee sawa kabureta."

Mara nyingi kabureta ilikuwa sawa hadi siku ilipowekwa stoo. Na mara nyingi mlio anaoutamani mwenye mashine, ule mwembamba na mkali, ndio mlio wa injini inayokaribia kufa.

Kwanza tuseme kwa nini watu wa kusini wanahangaika na kidude hiki. Ubwiri unga ni ukungu mweupe unaovamia majani machanga na maua ya mkorosho. Ua likishashikwa, korosho hakuna. Uliripotiwa nchini mwaka 1979, na ulikuta zao limeshaanza kuyumba kwa bei mbovu na kwa watu waliohamishiwa vijiji vipya, wakaiacha mikorosho yao porini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000. Kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Unga wa salfa ndio uliokuja kuwa kinga ya wengi, na kituo cha utafiti cha Naliendele, hapo nje kidogo ya mji, kikafundisha namna ya kuutumia: gramu 250 hivi kwa mti, kila baada ya wiki mbili, alfajiri, umande ukiwa bado haujaliona jua na upepo haujaamka. Msimu wa 2017/18 nchi ilipita tani 300,000. Sifa hiyo si ya kabureta peke yake, lakini mkorosho mkubwa haupulizwi kwa pumzi za mdomo.

Anayeupuliza ni injini ya kubeba mgongoni. Zile za Kichina utazikuta zimechongwa ubavuni maandishi kama 1E40F, na wengi hudhani ni namba ya kiwandani tu. Soma hivi: silinda 1, E ni mapigo mawili, 40 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni kwamba inapozwa na upepo. Ujazo wake wote ni kama sentimita 40 za ujazo, yaani chini ya kile kikombe kidogo cha kahawa chungu kisicho na mkono. Kikombe hicho hujazwa na kuchomwa zaidi ya mara 6,000 kwa dakika. Mara mia kila sekunde!

Injini ya mapigo mawili haina vali wala sampu ya oili. Mwingereza Joseph Day, wa mji wa Bath, ndiye aliyeipa umbo hili mnamo 1891: pistoni ikipanda, chini yake panavuta hewa na mafuta, ikishuka, mchanganyiko ule unasukumwa juu kupitia matundu ya ukutani mwa silinda, nao unautoa nje moshi wa zamani. Pistoni yenyewe ndiyo mlango. Raha yake ni wepesi. Gharama yake ni kwamba oili ya kulainisha haina pa kukaa, hivyo inasafiri ndani ya petroli. Hapo ndipo kabureta inapokuwa na madaraka kuliko kwenye pikipiki yako ya mapigo manne: ikibana petroli, imebana na oili.

Sasa kabureta inajuaje ni mafuta kiasi gani? Haijui. Inachojua ni upepo. Simama Shangani maji yanapojaa, uangalie mlango wa bandari, pale ng'ambo ilipo Msangamkuu. Bahari pana inapolazimishwa kupita kwenye mlango mwembamba, maji hukimbia. Hewa hufanya vivyo hivyo kwenye koo la kabureta, na inapokimbia, mgandamizo wake hushuka. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alilichapisha jambo hilo mwaka 1797, kabla ya injini yoyote ya petroli. Kwenye koo hilo kuna kitundu kilichounganishwa na kikombe cha petroli. Nje ya koo mgandamizo ni mkubwa, ndani ni mdogo, basi petroli inapandishwa na kunyunyizwa. Kiasi kinachoingia kwa mwako mmoja ni miligramu 3 au 4 tu. Tone moja la petroli lingegawanywa mara kadhaa.

Ili petroli iungue yote bila hewa kubaki, gramu 1 inahitaji gramu 14.7 za hewa. Mtu wa hesabu angeiweka injini hapo hapo. Fundi haiweki hapo. Anaiongezea petroli kidogo, hadi kwenye 12 au 13 za hewa, kwa sababu nguvu iko huko, na kwa sababu petroli inayogeuka mvuke hunyonya joto. Ikipungua, joto linapanda, oili inakuwa haba, na pistoni ya alumini inavimba kuliko silinda inayoizunguka. Huanza kukwaruza upande wa ekzosi, kwenye joto kali zaidi. Halafu inashika. Imenoki.

Mashine yangu ya kufyekea nyasi niliinokisha mwenyewe. Ilikuwa ikiguguma, nikakaza skrubu ya kabureta robo mzunguko, ikaimba vizuri. Nikafurahi. Nikakaza tena kidogo, ikaimba vizuri zaidi, majirani wakageuka. Tangi la tatu halikuisha. Fundi aliivua ekzosi, akanionyesha kwa tochi ya simu mistari iliyochimbika kwenye pistoni, akasema, "Pole, kaka. Uliipenda sana."

Ule mguno niliokuwa naukimbia una maana yake. Injini ya mapigo mawili ikipewa resi yote bila mzigo huku petroli imezidi kidogo, mwako mmoja unakubali, unaofuata unakataa, kwa hiyo inalia kama ya mapigo manne: brr-brr-brr, nzito, kama mtu asukutuaye koo. Ukiitwisha mzigo, nyasi zikaanza kukatika, mguno unatoweka na sauti inanyooka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Injini isiyoguguma hata ikiwa tupu haina akiba ya kujipoza. Dalili nyingine: achia resi ghafla. Ikishuka mara moja, salama. Ikining'inia juu kwanza ndipo ishuke, ina njaa ya petroli, au inavuta hewa ya wizi kwenye gasketi iliyopasuka.

Turudi kwa mashine iliyotoka stoo. Petroli iliyoachwa kwenye kikombe cha kabureta tangu mwezi wa kumi imekauka, ikaacha gundi ya kahawia inayonuka kama vanishi. Gundi hiyo imeziba jeti, kijitundu chenye upana chini ya milimita moja. Hakuna skrubu itakayotibu hilo. Kabureta inafunguliwa, inaloweshwa, jeti inapulizwa. Na hapa nina ugomvi na wenzetu wanaochokonoa jeti kwa uzi wa waya wa breki. Shaba ni laini. Tundu la milimita 0.7 likitanuka kufika 0.8, njia ya mafuta imeongezeka karibu theluthi, na hutalirudisha tena. Fundi mmoja hapa Magomeni hutumia kipande cha mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Unapita, unaondoa gundi, haukwarui shaba. Mji wa wavuvi, mshipi haukosekani.

Likishasafishwa hilo, na chujio la hewa likakung'utwa salfa (chujio lililoziba huifanya mashine ilewe petroli, mtu akadhani ni kabureta), ndipo urekebishaji wenyewe unapoanza. Kwenye mashine nyingi za kupulizia hutaona skrubu ya mafuta ya resi kubwa. Kuna sindano ya shaba inayoning'inia kwenye jeti, na kichwani ina mifereji midogo, kama mitano, na kipini chembamba kimekaa kwenye mmojawapo. Ukikihamishia kipini mfereji wa juu, sindano inashuka na kubana. Ukikishusha, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Fundi anakishikilia kwa kucha, ulimi umetoka nje kidogo, maana kikiruka mchangani ndiyo kwaheri.

Mashine ya nyasi ni tofauti. Kwa kuwa inainamishwa kila upande, haina kikombe wala boya, ina kiwambo cha mpira, na nyingi zina skrubu mbili zenye herufi L na H: ya kwanza ni ya silensa, yaani injini ikiwaka bila resi, ya pili ya resi kubwa. Kulia ni kubana, kushoto ni kuongeza. Zikaze taratibu hadi ziguse, usizinyonge, kisha fungua mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu. Washa, iache ipate moto kabisa. Anza na L: tafuta panapokimbia zaidi, halafu fungua kidogo tena. Skrubu ya tatu ni ya mwendo wa silensa, na kisu hakitakiwi kuzunguka hapo. H iwe ya mwisho, kwa resi fupi fupi, mpaka usikie ule mguno. Kazi yote ni ya sikio. Plagi itakuja kutoa ushahidi baadaye: nyeupe ni njaa, nyeusi yenye majimaji ni shibe iliyozidi, na ile ya rangi ya korosho iliyokaangwa ndiyo yenyewe.

Oili nayo ina hila yake. Mtu akiogopa kunokisha, humimina oili maradufu kuliko ilivyoandikwa kwenye mashine, moshi unatanda, anatulia. Lakini jeti inapitisha kiasi kile kile cha majimaji. Oili ilipoongezeka, petroli imepungua, na mchanganyiko umesogea upande wa njaa, tena ndani ya wingu la moshi. Ikiwa imeandikwa 1:25, ni mililita 200 kwa lita 5. Basi.

Kuna mzee mmoja alikuwa anasisitiza mashine yake ikazwe, imlilie vizuri. "Mwanangu, mbona inakoroma?" Fundi alimjibu kwa adabu kwamba hapa ni saa nane mchana, mzee wangu, na wewe unapuliza alfajiri. Alikuwa sahihi kifizikia. Hewa ya alfajiri ni baridi, na ya baridi ni nzito. Tofauti ya nyuzi 10 inatosha kuongeza hewa kwa asilimia 3 hivi, wakati sindano iko pale pale. Kilichokaa sawasawa mchana kinakuwa na njaa alfajiri. Ukiipandisha mashine hiyo hiyo hadi Newala, juu kwenye nyanda za Makonde, kinyume chake: hewa ni nyepesi, na itaguguma zaidi kuliko ilivyokuwa huku chini.

Msimu wa kupuliza ukiisha, usiirudishe stoo na petroli tumboni. Mwaga iliyo tangini, washa, iache silensa mpaka imalize iliyobaki kwenye kabureta. Sikiliza sekunde zake za mwisho. Petroli inapokatika, hewa inazidi, na bila mtu kugusa resi injini inapanda yenyewe, inalia kwa ile sauti nyembamba, safi, tamu, halafu inazima.