Gego la Mtoto Likioza

"Daktari, kwani si litang'oka lenyewe?" Ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote na wazazi wanaoleta watoto wenye jino bovu, na si swali la kipuuzi. Meno yote 20 ya utoto yatang'oka, hilo halina ubishi. Ila hayang'oki kwa pamoja. Ya mbele huanza kulegea mtoto akiwa na miaka 6 au 7. Magego hukawia: la kwanza hadi miaka 9 au 10, na la pili, lile la nyuma kabisa, hadi kati ya miaka 10 na 12. Mzazi wa mtoto wa miaka 5 mwenye gego la pili lililotoboka anaposema tusubiri, anataka tusubiri miaka 5 au zaidi, huku mtoto akitafuna upande mmoja, akiamka usiku analia, na asubuhi akisinzia darasani.

Kwa hiyo kabla hatujagusa koleo, nataka mimi na mzazi tujibu kwanza maswali mawili: hili ni jino lipi, na limebakiza miaka mingapi ya kazi? Jino la mbele lililooza kwa mtoto wa miaka 6 na gego lililooza kwa mtoto huyohuyo yanahitaji uamuzi tofauti kabisa.

Jino la utoto lina gamba jembamba kwa nje, na ndani lina kiini kikubwa chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tundu ambalo kwa mtu mzima lingechukua muda mrefu kukifikia kiini, kwa mtoto hufika upesi. Likishafika, maumivu huanza, kisha mara nyingi hukoma ghafla. Hapo wazazi wengi hupumua na kuahirisha safari ya hospitali. Kumbe maumivu yamekoma kwa sababu kiini kimekufa, na baada ya hapo huja usaha. Ukimfungua mtoto mdomo utaona kipele kwenye ufizi, chenye kichwa cheupe, kinachopasuka na kurudi. Katikati ya mizizi ya gego hilo kuna jino la ukubwani ambalo bado linajengwa. Usaha ukikaa hapo kwa miezi mingi, jino hilo linaweza kuota likiwa na madoa ya kahawia au gamba lenye vishimo.

Amoksilini ya duka la dawa inaweza kupunguza uvimbe, lakini ndani ya kiini kilichokufa haifiki, maana hakuna tena damu ya kuipeleka. Dozi ikiisha, uvimbe hurudi. Na uvimbe ukishuka chini ya taya, mtoto akashindwa kumeza au akapata homa kali, usisubiri Jumatatu. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Je, kila jino bovu ling'olewe? Hapana, na mzazi ana haki ya kumuuliza daktari kama kuna njia nyingine. Tundu ambalo halijafika kwenye kiini huzibwa. Katika hili Tanzania ina jambo la kujivunia ambalo halisemwi vya kutosha. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alianza kutumia vifaa vya mkono tu kukwangua sehemu iliyooza na kuliziba tundu, bila mashine wala umeme. Njia hiyo imeenea duniani. Simenti inayotumika kuzibia iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, pamoja na dawa ya fedha na floridi inayopakwa kwa brashi ndogo ili kusimamisha uozo. Dawa hiyo haihitaji sindano. Ubaya wake ni kwamba huacha doa jeusi lisilofutika, na wapo wazazi wanaoikataa kwa sababu hiyo. Kwa jino la mbele nawaelewa. Kwa gego lililoko ndani kabisa, ambalo mtoto akicheka halionekani, sioni hoja yao.

Uozo ukiwa umegusa kiini lakini mizizi bado mizima, kiini hutibiwa na jino huvishwa kofia ya chuma. Ni kazi nzuri, ila inataka vifaa, fedha, na mtoto anayekubali kutulia kwenye kiti, na vyote hivyo havipatikani kila mahali. Pakiwa na usaha, au jino limevunjika hadi kwenye ufizi, au limebakiza miezi michache ling'oke lenyewe, naling'oa.

Gharama ya kung'oa mapema ni nafasi. Karibu na umri wa miaka 6, nyuma ya gego la pili la utoto huota gego la kwanza la ukubwani. (Halisukumi jino lolote litoke, hivyo wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto na hawalijali.) Jino hili huegemea gego la utoto lililo mbele yake. Gego hilo likiwa halipo, lenyewe husogea mbele, na jino linalotakiwa kuota hapo baadaye hukosa pa kutokea, likabanana au likaota pembeni. Muulize daktari kuhusu kifaa cha kushikilia nafasi, hasa likiwa ni gego la pili. Kwa meno ya mbele hofu hii ni ndogo zaidi.

Hofu nyingine ambayo haijafa ni ile ya macho: ukimng'oa mtoto jino la juu, atapofuka au kuona vibaya. Naelewa ilikotoka. Jino la juu likitunga usaha, shavu hujaa hadi jicho likafumba, na watu wakaunganisha mambo. Lakini mshipa wa fahamu wa meno ya juu si ule wa kuonea. Cha kushangaza, katika jamii hizihizi kuna wanaomkabidhi mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha kwa mganga ili amng'oe "meno ya nailoni", ambayo ni vichipukizi vya chonge vilivyo ndani ya ufizi. Hufanywa bila ganzi, kwa kifaa kisichochemshwa, na wapo watoto waliokufa. Huyo mtoto anahitaji maji ya chumvichumvi na zinki, na matibabu ya homa yake. Fizi zake hazina kosa.

Sindano ya ganzi nayo huogopwa, na hapa uzito ni muhimu kuliko umri. Kiwango cha juu cha lidokaini ninachokifuata kwa mtoto ni miligramu 4.4 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15 hapaswi kuzidi miligramu 66, na kichupa kimoja cha mililita 1.8 cha dawa ya asilimia 2 kina 36, maana yake vichupa viwili tayari vimezidi. Ukiona mwanao hajapimwa uzito, uliza. Kabla ya sindano pia mwambie daktari kama mtoto ana selimundu, tatizo la moyo, au akijikata damu huchelewa kukata.

Ganzi ikishika, mtoto hasikii maumivu ila husikia kusukumwa, na huo mgandamizo peke yake unatosha kumliza. Mwambie hivyo mapema. Ukimwambia "hutasikia kitu", akisikia kitu hatakuamini tena, wala mimi hataniamini. Jino likitoka, wazazi huligeuzageuza na kushtuka: mbona halina mizizi, au imebaki ndani? Kwa jino lililokaribia wakati wake, mizizi huwa imeshaliwa na jino linalopanda kutoka chini. Wakati mwingine kipande kidogo cha mzizi hubaki kweli, na daktari anaweza kukiacha kwa makusudi, kwa sababu kukichimbua kunaweza kuliumiza jino lililo chini yake.

Nyumbani, tatizo kubwa la saa mbili tatu za kwanza ni mdomo wenyewe. Mtoto haelewi kwa nini umekufa ganzi, basi huutafuna kwa mchezo hadi ukavimba kama umeng'atwa na nyuki. Kaa naye karibu, na asile mpaka ganzi iishe. Pamba aing'ate nusu saa. Siku hiyo asisukutue wala asinywe chai ya moto; maji ya chumvi yaanze kesho yake. Kwa maumivu mpe parasetamoli kulingana na uzito wake, kamwe usimpe aspirini. Mate yenye wekundu kidogo hadi kesho ni kawaida. Damu ikiendelea kuchuruzika baada ya kung'ata pamba safi kwa nusu saa nyingine, mrudishe hospitali usiku huohuo.