Maradhi ya Nafsi (4): Ibra ya Kashasha

Tangu Mahakama Kuu ya Kenya ilipobatilisha, Januari 2025, kifungu kilichomhesabu mwenye kujaribu kujiua kuwa mhalifu, nimeulizwa mara nyingi hapa Buhembe, Bukoba, kama hukumu ile yatuhusu. Yatuhusu, lakini leo naomba radhi kuanza na mkasa wa kwetu, uliotokea hata miezi miwili haijatimu tangu uhuru wa Tanganyika.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wilaya ya Muleba ya leo, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko kisichozuilika. Na ilipofika 18 Machi, shule ikafungwa, wasichana 95 kati ya 159 wakiwa wamekwisha kupatwa. Walicheka na kulia, wakatimua mbio kwa hofu ya kuandamwa na mtu asiyeonekana, na aliyewashika ili wasijiumize walipambana naye kwa nguvu. Wengine ilikuwa dakika chache, wengine saa kadhaa, na maradhi yaliweza kumkalia mtu hata siku 16. Waliporudishwa makwao, yakazuka Nshamba, ambako Aprili na Mei waliugua watu 217. Wapo waliodai kuwa hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki. Bali madaktari Rankin na Philip, waliochapisha taarifa yao mwaka 1963, walieleza kuwa damu na maji ya uti wa mgongo yalipimwa, isionekane ila yoyote. Hakufa mtu, wala hakuna mwalimu wa Kashasha aliyepatwa: maradhi yaliwachagua watoto waliokuwa chini ya amri, si wenye kuamrisha.

Naona ajabu, basi, kwamba wasichana wale, waliopiga na kukimbia, hawakufikishwa mbele ya hakimu, kwa kuwa kila mtu alitambua kuwa ni wagonjwa. Ilhali yule ambaye dhiki imemgeuza adui wa mwili wake mwenyewe hata akajaribu kujiua, Kanuni yetu ya Adhabu yamwita mkosaji, na jamaa zake, kwa kuchelea polisi na aibu, humficha chumbani badala ya kumpeleka kwa tabibu. Sheria ya namna hiyo haimzuii mtu kufa; yamzuia kutibiwa.

Nawasihi wabunge wetu wa Kagera watake kifungu hicho cha Kanuni yetu kifutwe. Nanyi wasomaji, akitokea nyumbani mwenu mtu wa hali hiyo, msimwache peke yake, msimkemee, mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Bukoba siku hiyo hiyo.