Tiketi imehamia kwenye simu: soma hapa kabla hujatuma nauli

Zamani kidogo, mtu wa Kilosa au Dodoma mwenye safari ya Dar es Salaam alianzia stendi. Wapiga debe walimvuta mkono huku na huku, akalipa taslimu, akapewa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu. Siku hizi wengi wetu tunakata tiketi tukiwa nyumbani, kwa simu.

Mambo mawili yameongeza kasi. Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kutembea usiku, baada ya katazo la miaka mingi. Mwaka 2024 ikaja treni ya umeme ya SGR, Juni ikaanza Dar hadi Morogoro, Julai ikafika Dodoma. Sasa mtu anatoka Dodoma alfajiri, anafanya shughuli zake Kariakoo, na usiku huohuo anarudi. Hela ya gesti inabaki mfukoni (wenye gesti watusamehe).

Lakini wasikilizaji wetu kadhaa wametupigia wakisema walituma nauli na siti hawakuipata. Mara nyingi hadithi ni ileile: mtu wa mtandaoni anadai treni imejaa, ila yeye ana nafasi, "tuma kwenye namba hii nikuwekee".

Tiketi ya SGR haiuzwi hivyo. Kwenye tovuti ya Shirika la Reli, TRC, unajaza jina na namba ya kitambulisho, unachagua siti, kisha unapewa namba ya malipo, ile tunayoiita kontro namba. Unailipia kwenye menyu ya simu yako, sehemu ya malipo ya serikali. Ukiona unaambiwa utume pesa kwa mtu, acha. Kabla hujaweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome! Shirika la Reli halina jina la mtu.

Tiketi inabeba jina la msafiri, na stesheni wanaweza kulilinganisha na kitambulisho. Ndiyo maana tiketi ya kununua kwa mtu mwingine, hata kama ni halali, inaweza kukuacha nje ya geti.

Una kitochi tu? Haina shida. Mwanao aliye mjini ajaze fomu kwa jina lako, akutumie kontro namba kwa meseji, nawe ulipe mwenyewe. Hata dirisha la stesheni bado linauza.

Kwa upande wa basi, dai tiketi ya kielektroniki yenye jina lako, tarehe, nauli na namba ya gari. Nauli za mabasi ya mikoani zina kikomo kinachopangwa na LATRA, kwa hiyo ukitajiwa bei ya ajabu msimu wa sikukuu, uliza kikomo cha njia yako kabla ya kulipa.

Gesti nazo zimeanza kuomba malipo ya awali kwa simu. Sisi tungependelea kulipa ukifika na kukiona chumba. Wakikataa, omba Lipa Namba ya biashara, uone kama jina linalotokea ni la gesti yenyewe.

Meseji ya malipo usiifute mpaka urudi nyumbani. Na namba ya tiketi iandike pia kwenye karatasi, maana chaji huwa inaisha palepale getini.